MBWA WA UOKOAJI NA WAJIBU WA MWANANCHI
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Wakaazi wa Visiwani wanaijua thamani ya saa za mwanzo za maafa. Meli ya Spice Islander ilipozama tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliookoa watu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka Mji Mkongwe na watu wawili wakafariki. Mazungumzo haya yanahusu msaada mmoja usiozoeleka hapa, nao ni pua ya mbwa aliyefunzwa, pamoja na watu wanaojitolea kumwongoza.

Ili jambo lieleweke, uchukuliwe mfano wa Chidya, Wilaya ya Masasi, kandokando ya Uwanda wa Juu wa Makonde. Mtoto akipotea jioni baina ya mikorosho na vichaka, hupigwa mbiu na kijiji kizima hutoka kumtafuta. Nia ni njema, lakini nyayo za watu mia moja huvuruga njia ya mtoto mmoja. Mwili wa mwanadamu hupukutisha wakati wote chembe ndogo mno za ngozi. Nyingine huanguka njiani, nyingine huchukuliwa na upepo. Mbwa wa kufuata njia hunusishwa nguo ya aliyepotea, kisha huandama harufu hiyo peke yake. Mbwa wa upepo hatafuti mtu maalumu. Huinua pua na kutafuta harufu ya mtu yeyote aliyemo katika eneo. Aghalabu huyo wa pili ndiye atumikaye kwenye vifusi.

Kwa sababu hiyo mwongozaji hana budi kuujua upepo. Jioni hewa iliyopoa huteremka kutoka kwenye miinuko hadi mabondeni na harufu hushuka nayo, hivyo mbwa aliye chini ya mteremko huweza kumtambua mtu aliye juu yake. Adhuhuri, jua likiwaka, hewa hupanda na harufu hutawanyika.

Mafunzo huanza kwa mchezo wa kujificha. Mwongozaji hukimbia na kujificha karibu. Mbwa akimpata, hupewa mchezo au chakula akipendacho. Baadaye hujificha watu wasiojulikana kwa mbwa, mbali zaidi, usiku na chini ya vifusi, na mbwa hufunzwa kubweka pale pale alipomgundua mtu. Kazi hiyo aghalabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mazoezi hayasimami baada ya hapo. Mwongozaji naye hujifunza kusoma ramani, kutumia dira na redio, na huduma ya kwanza. Kwenye vifusi mbwa hufanya kazi kwa muda mfupi, kiasi cha nusu saa, kisha hupumzishwa; akibweka mahali, huletwa mbwa wa pili kuhakikisha.

Katika nchi nyingi wanaofanya kazi hii ni watu wenye ajira zao, ambao huwalisha mbwa kwa fedha zao. Hawaendi popote kwa hiari yao. Huitwa na Polisi au vikosi vya uokoaji, na hufuata amri ya msimamizi wa eneo.

Baada ya shambulio la bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, vikosi vya kigeni vilikuja na mbwa, lakini msaada wa mbali haukosi kuchelewa. Tanzania Bara elimu ya kunusa imekwishapata makao. Morogoro, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamewafunza panya buku tangu mwaka 2000. Panya hao walisaidia kutafuta mabomu ya ardhini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma kutoka Newala, hadi nchi hiyo ilipotangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kuyaondoa. Baadaye panya wengine walianza kufunzwa kupenya vifusini wakiwa na mkoba mdogo wenye kamera, mahali asipopita mbwa.

Baadhi ya wananchi huuliza kuhusu najisi. Katika madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara, na maji yapo. Haimnyimi aliyefukiwa haki ya kuokolewa. Suratul Maida nayo imeruhusu windo la wanyama waliofunzwa.

Mtu akipotea au jengo likiporomoka, wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kutoa taarifa mara moja kwa Sheha, Polisi au Kikosi cha Zimamoto na Uokozi.

(b) Kutokanyaga mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho.

(c) Kuihifadhi nguo yake ambayo haijafuliwa ndani ya mfuko safi, bila ya kushikwashikwa na watu.

(d) Kunyamaza kila kimya kinapoamrishwa, kwani sauti ya aliye chini ni dhaifu.

(e) Kutomwita, kumpiga wala kumlisha mbwa aliye kazini.

Mbwa huyo hawezi kurudisha harufu iliyokwisha kuvurugwa. Kuilinda ni kazi ya wale waliofika mwanzo, nao ni jirani na jamaa.