Mpako wa Protini ya Mimea kwa Vifungashio vya Karatasi
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Karatasi ina sifa moja kubwa na kasoro mbili. Sifa yake ni kuoza na kurudi udongoni. Kasoro zake ni kunywa maji na kupenyeza mafuta. Ndiyo maana viwanda vimezoea kuipaka plastiki. Lakini karatasi ya namna hiyo haiozi yote. Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, suala la vifungashio linavihusu vyama vyote vyenye bidhaa za kuuza.

Wataalamu wameonyesha kwamba protini ya mimea yaweza kushika nafasi ya plastiki hiyo. Imo katika mazao ya wakulima wenyewe: soya, ambayo karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini, ngano, mahindi, na mashudu ya alizeti. Protini ya mahindi, iitwayo zeini, imejulikana tangu mwaka 1821. Haiyeyuki katika maji matupu, bali katika mchanganyiko wa spiriti na maji. Hupakwa juu ya karatasi, na ikikauka huacha utando mwembamba. Kwa kuwa utando mkavu hupasuka unapokunjwa, huongezwa gliserini kidogo ili ulainike.

Utando huo ukiwa mkavu huzuia vyema mafuta na hewa. Adui yake ni unyevu, ambao huulegeza na kuupenya. Basi wafaa kwa karanga za kukaanga au maandazi yatakayoliwa mapema; haufai kwa maziwa, wala kwa unga utakaokaa ghalani masika yote. Tena, soya na ngano huwadhuru baadhi ya watu, hivyo aina ya protini sharti iandikwe kwenye mfuko.

Kuhusu mashudu, wafugaji wanayahitaji kwa ng'ombe na kuku. Chama kisiwanyime kwa ahadi ya kiwanda ambacho hakijajengwa.

Kabla ya kulipa fedha za wanachama, katibu na aombe mifuko michache ya majaribio. Itiwe bidhaa ya chama, iwekwe katika ghala lile lile, kwa muda ule ule ambao bidhaa huchukua kumfikia mnunuzi. Kisha ifunguliwe mbele ya kamati, nayo iamue kwa yale itakayoyaona.