Ulinzi wa Mtoto Huanzia Wodini



Tuchukue mfano wa askari aliyepanga nyumba Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba. Usiku mmoja, naye yumo lindoni, mkewe anashikwa na uchungu kabla ya miezi kutimia. Askari anapofika hospitali asubuhi, mtoto amekwisha kuzaliwa, na uzito wake haufiki kilo 2. Mama amelazwa wodi hii, mtoto yumo chumba kile. Baba anamtazama mwanawe kwa kitambo, analipa kinachotakiwa, kisha anarejea kazini akiamini kwamba yaliyosalia ni kazi ya wauguzi na wanawake.

Mazungumzo yetu ya leo yanasema kwamba imani hiyo haina budi kuachwa.

Ujuzi wa jambo hili ulichimbuliwa kwa sehemu kubwa katika ardhi yetu wenyewe. Mnamo 1954 na 1955, mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alizitembelea nyumba za vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwachunguza watoto wachanga 28 pamoja na mama zao. Matokeo yake aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake humwangalia kwa makini na kuzitambua haja zake hulia kidogo, tena huthubutu kutambaa mbali naye, maana anajua pa kurudi. Aliona pia kwamba mtoto hujenga mapenzi na watu wengine wa nyumbani, baba akiwa miongoni mwao.

Sasa, ikiwa ndivyo, mtoto anayeanza maisha yake akiwa peke yake hospitalini atafanyiwa nini? Jibu lilipatikana Kolombia mwaka 1978. Katika mji wa Bogotá, mashine za kuwapatia watoto joto zilikuwa haba. Daktari Edgar Rey akaagiza mtoto afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mfano wa mnyama kangaruu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, watoto wa namna hiyo walipofikia umri wa miaka 20, ulionyesha kwamba walikuwa na ukali na mhangaiko mdogo kuliko wenzao waliotunzwa katika mashine. Na mwaka 2021, utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulithibitisha kwamba kuanza utaratibu huo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 25.

Yafaa ieleweke kwamba mashine haikutupwa. Yuko mtoto anayeihitaji, na mzazi aliyetenganishwa na mwanawe kwa sababu hiyo asijilaumu, kwani mapenzi hujengwa siku nyingi. Lakini daktari akiruhusu, na mama akiwa hajiwezi, kifua cha baba nacho kina joto. Kombati ivuliwe, mikono ioshwe kwa sabuni, mtoto awekwe kifuani na kufunikwa. Hilo halimpunguzii askari uanaume wake hata chembe.

Wakubwa wa vikosi nao wana sehemu yao. Sheria ya Ajira ya 2006 humpa baba siku 4 za kazi mkewe anapojifungua. Sheria hiyo haiwahusu wanajeshi, ambao wana taratibu zao. Lakini kamanda mwenye busara anaweza kuitazama maana yake kabla ya kumnyima ruhusa kijana wake.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Askari alindaye mipaka na mitaa ya taifa amepewa pia lindo jingine, dogo, lisilofika kilo 2. Lindo hilo halina zamu ya pili. Asiliache tupu.