Handaki Bila Lakiri

Ndugu wasikilizaji, mara nyingi nimewasikia wakuu wa ofisi wakijisifu: "Matawi yetu yameunganishwa kwa handaki la mtandao, hakuna awezaye kuona mambo yetu." Mimi nasema, tusilale mlango wazi.

Tuanzie masjala. Mhasibu wa Dar es Salaam ana barua, na juu yake ameandika tu: "Mhasibu, chumba namba 7." Posta haiwezi kuipeleka, maana vyumba namba 7 viko maelfu. Karani wa masjala anaitia ndani ya bahasha kubwa yenye sanduku la posta la tawi la Mwanza. Ikifika, karani wa huko anaichana bahasha ya nje na kuipeleka barua chumbani.

Ruta hufanya kazi ya makarani hao. Kompyuta za ofisini hutumia anwani za ndani, kama zile zinazoanza na 10, ambazo intaneti haizipitishi. Ruta ya kwanza huichukua pakiti nzima pamoja na anwani zake, huitia ndani ya pakiti nyingine, na kuituma kwa ruta ya pili. Ruta za njiani hufuata anwani ya nje tu. Utaratibu mmoja mashuhuri wa kazi hii ni GRE, uliochapishwa mwaka 1994. Kwa kawaida bahasha yake huongeza baiti 24. Ndiyo maana njia ibebayo baiti 1500 hubakiza 1476 kwa mzigo wenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Ruta za njiani hazisomi barua kwa kuwa hazina haja, si kwa kuwa haziwezi. GRE haifichi hata neno moja. Mwenye nia mbaya aliyekaa njiani huweza kusoma mshahara wa mfanyakazi au majibu ya mgonjwa, na bahasha ikaendelea na safari kana kwamba haikuguswa.

Lakiri ni kazi ya IPsec, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1995. Hiyo huweza kugeuza maandishi kuwa fumbo, na kugundua pakiti iliyochezewa. Viwili hivi hutumika pamoja bila ugomvi.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ni fundi wako. Ndugu mkuu wa ofisi, mwite kesho asubuhi umwulize: "Bahasha zetu zina lakiri?" Wateja na wagonjwa hawajui ruta wala handaki. Wamekuamini wewe.