KUKITAMBUA KITO KABLA YA KUTOA FEDHA



Mkulima wa Kericho akiisha kulipwa bonasi ya majani yake ya chai, hakosi wageni. Huenda mmoja wao akafungua kitambaa na kumwonyesha kijiwe cha kijani, akisema ya kuwa ni tsavoraiti ya Taita, tena anakiuza rahisi kwa sababu ya shida. Fedha hizo ndizo karo ya watoto; basi yafaa kijiwe kipimwe kwanza.

Ni kweli kwamba tsavoraiti hutoka Taita. Campbell Bridges, mtaalamu wa miamba, aliiona kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 ikapewa jina kwa ajili ya Tsavo. Hukaa katika miamba ya kale sana, wala si katika udongo wa Kericho uliotokana na volkano. Asemaye ameiokota shambani Litein amejishtaki mwenyewe.

Rangi haithibitishi neno, maana hata chupa ni ya kijani. Kioo cha kukuzia chafaa zaidi: viputo vya mviringo ndani ya kijiwe ni dalili ya kioo kilichoyeyushwa.

Lakini shahidi mkubwa ni uzito. Mizani ya kituo cha kununulia majani haifai. Yatakiwa ya sonara, isomayo sehemu ya mia ya gramu. Kijiwe hupimwa kikiwa kikavu. Kisha kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani hurudishwa kwenye sifuri, na kijiwe hufungwa uzi mwembamba na kuning'inizwa majini pasipo kugusa kikombe. Uzito wa kwanza hugawanywa kwa huo unaosomeka sasa. Kijiwe cha gramu 3.6 kikisoma 1.0, jibu ni 3.6, nalo lapatana na tsavoraiti, ingawa yako mawe mengine yanayolingana nayo. Kioo cha chupa cha uzito huo kitasoma kama 1.4, na jibu litakuwa karibu 2.5. Hapo hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

Yakuti nyekundu ina hila nyingine. Mwaka 1902 Mfaransa Verneuil alitangaza njia ya kuitengeneza kwa kuyeyusha unga katika mwali wa moto, na yakuti hiyo hutoa jibu la 4.0 sawasawa na ile ya ardhini. Mizani hushindwa, hadubini ya mtaalamu ndiyo huonyesha mistari iliyopinda ambayo yakuti ya ardhini haina.

Na mwuzaji aulizwe leseni, kwa maana Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 yaitaka kwa mtu afanyaye biashara ya madini.