Tuidai Haki Mapema



Fedha ya korosho inapofika hapa Kitangari, wazazi wengi hushughulikia vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Wakati huo ndio tapeli huungoja. Tovuti yaweza kubeba nembo ya Taifa na kujiita RITA, kumbe ada inakwenda kwenye simu ya mtu binafsi. Tutambue kwamba anwani za Serikali yetu huishia na .go.tz, na malipo yake hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo.

Aliyekwisha kulipa asinyamaze kwa aibu. Kwanza, aipigie kampuni yake ya simu papo hapo, aombe muamala uzuiwe. Fedha ikiwa haijatolewa, tumaini lipo. Pili, asifute ujumbe wa malipo, maana huo ndio ushahidi wake. Na namba ya tapeli airipoti kwa 15040. Tatu, aende polisi. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, udanganyifu huo ni jinai.

Tunawasihi: mjane aliyeibiwa asiende kituoni peke yake. Tufuatane naye mpaka malalamiko yake yaandikwe.