Ukuta wa Juu ya Paa

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Ikiwa Biblia yako iko karibu, fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, uusome mwenyewe. Ni mstari mmoja tu, na nadhani ni wachache kati yetu waliowahi kusikia mahubiri juu yake.

Hapo Musa anasema na mtu anayejenga nyumba mpya. Anamwagiza asisahau kuweka ukuta mdogo kulizunguka paa lake. Kwa nini? Nyumba za nchi ile hazikuwa na mapaa ya mteremko kama yetu. Juu palikuwa tambarare, na watu walipatumia. Juu ya paa Rahabu alitandaza kitani chake, na Petro alipanda huko mchana kwenda kuomba. Pasipokuwa na ukuta, mtoto au mgeni angeweza kuanguka akafa, na hatia ya damu yake ingekuwa juu ya nyumba ile.

Tazameni jambo hili kwa makini. Mwenye nyumba alilijua paa lake hata gizani. Ukuta ule ulikuwa hasa kwa ajili ya mtu mwingine, yule asiyeijua nyumba. Basi tangu zamani Mungu anamwuliza kila mjenzi: Nyumba yako itamdhuru nani?

Swali hili lilinikuta mimi mwenyewe, nami nitawaeleza jinsi lilivyonikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa kuwa kasisi wa parishi moja ya milimani. Nyumba ya kasisi ilikuwa imechakaa, na Wakristo wakafanya harambee ili wajenge mpya. Kwa kupunguza gharama tulikubaliana kufyatua matofali wenyewe na kuyachoma. Kuni hazikuwa mbali. Kando ya kijito, chini ya shamba la kanisa, palikuwa na mikuyu na miti mingine ya zamani. Shamba lilikuwa letu, na miti ilikuwa yetu. Mimi ndimi niliyesema ikatwe. Tanuru ziliwaka usiku na mchana, matofali yakatoka mekundu, mazuri sana. Askofu alikuja kuibariki nyumba, kwaya ikaimba, tukala na kushiba.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, mama mmoja mzee alinijia. Alikuwa jirani tu, wala si wa kanisa letu. Akasema, "Mwanangu Pasta, nyumba ni nzuri. Mungu akupe usingizi mwema ndani yake. Lakini sisi tutachota maji wapi?"

Sikumwelewa. Nilimshukuru kwa kufika, nikamsindikiza mpaka langoni. Mvua za masika zilipokuja, ndipo nilipoelewa. Kingo za kijito, zisizo na mizizi tena ya kuzishika, ziliporomoka. Udongo ukakijaza kisima walimochotea maji. Kila asubuhi, kutoka dirisha la nyumba yangu mpya, nilimwona mama yule akipita na mtungi mgongoni, akienda mto wa mbali.

Wapenzi, chuoni nilifundishwa jinsi Adamu alivyokabidhiwa bustani awe mtunzaji wake. Nilifanya mtihani juu ya habari hiyo, nikafaulu. Lakini siku ya kukata miti sikuikumbuka, kwa maana nilikuwa nikihesabu matofali.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Kisha niliwaita wazee wa kanisa, tukafanya hesabu nyingine. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, ni lita 1 ya maji. Basi paa la mita za mraba 80, mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 80,000. Hiyo ni mitungi 4,000 ya lita 20! Sehemu yake itapotea, lakini itakayobaki ni nyingi. Maji hayo yote tulikuwa tukiyaacha yaanguke chini na kuchimba makorongo. Tukafunga mifereji ya mabati, tukanunua tangi, na bomba lake tukaliweka nje ya ua, kando ya njia. Kwenye kingo tukapanda miti ya kienyeji, wala si mikaratusi inayokunywa maji mengi.

Siku ya kwanza mama yule alichota, akaniambia, "Maji nimeyaona, mwanangu. Na kivuli je?" Miche yetu ilikuwa haijafika magotini. Sikuwa na jibu. Yako makosa ambayo Mungu huyasamehe siku ile ile, lakini kuyatengeneza huchukua miaka thelathini.

Ndugu msikilizaji, labda wewe hutachoma matofali. Hata hivyo, lipo paa lako la kuwekewa ukuta. Fikiri juu ya jiko lako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani viliwaua watu kama milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Watoto hao hawakuanguka kutoka juu ya paa. Walikuwa chini yake, wamekaa karibu na mama zao. Baba unayejenga sebule kubwa, na jikoni ukaacha tundu dogo tu la kupitisha hewa, utajibu nini? Weka dirisha na dohani. Nunua jiko lisilokula makaa mengi, kama lile la bati lenye udongo ndani, ambalo limetengenezwa hapa Kenya tangu miaka ya 1980.

Na unayetaka kujenga kuta, yako matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayo hayachomwi. Hukauka kivulini, yakinyunyiziwa maji, wala hayadai mti hata mmoja wa kuni. Laiti ningaliyatafuta kabla sijashika shoka.

Nanyi wenye maduka, hoteli na viwanda, sheria ya Musa haikuwaacha nje. Maji machafu ya biashara yako yanateremkia kwa nani? Msiseme kwamba jengo kubwa haliwezi kujengwa kwa uangalifu. Kule Gigiri, Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua jengo la ofisi mwaka wa 2011. Juu ya paa lake pana mita za mraba kama 6,000 za vioo vya kukusanya umeme wa jua, na vyumba vyake vilipangwa ili watu wafanye kazi kwa mwanga wa mchana.

Mtu atasema, "Mchungaji, hayo ni ya matajiri." Lakini wazee wetu wa Lamu na Mombasa hawakuwa na umeme. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, wakaacha ua wa ndani upitishe hewa, wakalala bila kuungua na joto. Kuligeuza dirisha lielekee upepo hakugharimu shilingi moja. Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba imempasa kukaa kwanza na kupiga hesabu. Nami nimejifunza kwamba gharama asiyoilipa mwenye nyumba, jirani yake huilipa, na mara nyingi jirani huyo ni maskini.

Basi juma hili, kabla hujaagiza gari la mchanga au la mbao, toka nje ya lango lako. Simama upande wa jirani, uitazame nyumba yako kutoka huko. Jiulize moshi wake unakwenda wapi, maji yake yanakwenda wapi, na miti yake imetoka wapi.

Tuombe. Ee Bwana, Mwanao alikuwa fundi, naye alizijua mbao na gharama zake. Utusamehe nyumba tulizozijenga kwa hasara ya wengine. Utupe macho ya kumwona jirani kabla hajaanguka, na uvumilivu wa kupanda kivuli ambacho watakikalia wengine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.