KULALA KAMBINI KARIBU NA DAR ES SALAAM: FAIDA NA TAHADHARI ZAKE

(Matini ya mazungumzo kwa walimu, walezi wa vijana na wazazi)



Kulala nje ya nyumba si jambo geni katika Visiwa hivi. Mvuvi wa Unguja na Pemba anapofuata samaki mbali na kijiji chake hupiga dago, akakaa ufukweni siku kadhaa, na pengine miezi. Wachumaji wa karafuu nao, msimu unapofika, hukaa katika kambi za mashambani mpaka kazi imalizike. Dago lina utaratibu wake unaojulikana: maji yatatoka wapi, zamu ya kupika ni ya nani, chombo kitafungwa wapi, na nani atabaki macho wakati wenziwe wamelala.

Jambo jipya ni kwamba siku hizi watu wa mjini huondoka kwa hiari yao, si kwa kutafuta riziki, bali kwa kupumzika na kujifunza. Jiji la Dar es Salaam limezungukwa na mahala pa namna hiyo, na kwa kuwa boti huvuka baina ya Unguja na Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi, skuli na vikundi vya vijana vya Visiwani navyo vimo katika safari hizo. Kwa hiyo inafaa ielezwe wapi pa kwenda, mambo yanavyokwenda huko, na nini cha kuhadhari.

Pahala pa karibu ni misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, katika Wilaya ya Kisarawe, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hayo ni mabaki ya misitu ya asili ya ukanda wa pwani, ambayo kwa miaka mingi imeliwa na shoka na tanuri za mkaa. Kijana anayelala hapo usiku mmoja huona kwa macho yake ukubwa wa kilichopotea na thamani ya kilichosalia, na somo hilo halipatikani ubaoni.

Pahala pa pili ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Saadani inatazamana na Unguja ng'ambo ya mkondo wa bahari, na huko tembo, twiga na kongoni huishi jirani na ufukwe wa Bahari ya Hindi. Mto Wami huingia baharini katika eneo hilo, nao una mamba na viboko. Katika ufukwe wa Madete kasa hupanda kutaga mayai.

Pahala pa tatu ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, yapata kilomita 280 kutoka Dar es Salaam. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, sehemu kubwa ya safari hiyo imekuwa nyepesi, na iliyobaki humalizwa kwa gari. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi. Mwendo uliowekwa hapo hauzidi kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na dereva anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama aliyemgonga.

Katika hifadhi za taifa malazi ni ya namna mbalimbali. Vipo vibanda vya kudumu vyenye vitanda. Vipo viwanja vya kambi vya umma, ambamo makundi mengi hupiga mahema yao pamoja na kushirikiana vyoo na jiko. Aidha vipo viwanja vya pekee, ambavyo hupewa kundi moja tu lililoomba mapema. Huko kwa kawaida hapana chochote ila ardhi na miti, na kila kitu, hata maji, huchukuliwa na wageni wenyewe. Kundi la wanafunzi linalosafiri kwa mara ya kwanza linafaa kuchagua kibanda au kiwanja cha umma. Ada ya raia wa Afrika Mashariki ni ndogo sana kuliko ya mgeni wa nje, lakini uraia huthibitishwa kwa kitambulisho. Kwa hiyo mkuu wa msafara ahakikishe kila mmoja ana chake kabla ya kupanda boti. Hali kadhalika, fedha zisikabidhiwe mkononi kwa mtu yeyote pasipo stakabadhi.

Sasa zifuatazo ni tahadhari, na kila moja ina sababu yake.

Kwanza, chakula kisiingizwe hemani. Tembo hunusa matunda kutoka mbali, na chungwa moja lililosahauliwa chini ya mto linatosha kumleta. Vyakula vyote vihifadhiwe ndani ya gari au katika jiko la kambi.

Pili, hema lisipigwe baina ya njia ya viboko na maji. Kiboko hutoka mtoni usiku kwenda kula majani, na akimkuta mtu amesimama baina yake na maji humshambulia. Mtoto asitumwe kuchota maji mtoni, wala kuoga humo, hata kama maji yametulia.

Tatu, jiko la mkaa lisiingizwe hemani wala kibandani kwa ajili ya kuota moto, wala lisiachwe ndani likiwa na makaa yanayoonekana kuwa yamezimika. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuikimbia.

Nne, mahema yasipigwe katika bonde la mto mkavu au korongo. Nchini Kenya, katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako watu wengi wa Nairobi hupenda kwenda, vijana saba walichukuliwa na maji ya ghafla korongoni mwezi wa Aprili 2012, na watu saba wengine wakafa kwa namna hiyo hiyo mwezi wa Septemba 2019. Mvua ikinyesha kule juu, maji hufika bondeni wakati jua bado linawaka. Miezi ya Masika, Machi hadi Mei, si ya kupeleka watoto kambini.

Tano, katika ufukwe wa kasa pasiwashwe moto wala taa kali usiku. Watoto wa kasa wanaototoka hufuata mwangaza wa bahari. Wakiona taa ya nchi kavu huielekea, wakafa kabla ya kugusa maji.

Ndugu walimu na wazazi, limebaki la sita, nalo ndilo zito kuliko yote kwa watu wa Visiwani. Unguja na Pemba, kwa kazi ya miaka mingi ya kupiga dawa majumbani, kugawa vyandarua na kuwapima wenye homa, zimeishusha malaria hadi chini ya asilimia 1 ya watu. Upande wa Bara, katika maeneo mengi, maradhi hayo bado yapo kwa wingi. Kijana aliyezaliwa katika miaka hii ya nafuu hana kinga ambayo wazee wake waliipata kwa kuugua mara kwa mara, na homa ikimpata huweza kumuangusha upesi. Tena mbu wa Visiwani hawajatoweka: wakimuuma aliyerudi na vijidudu katika damu yake, huvipeleka kwa jirani. Sehemu kubwa ya wagonjwa wanaogunduliwa Zanzibar ni watu waliosafiri.

Kwa hiyo kila msafiri achukue chandarua chenye dawa, hata kama hema lake lina wavu. Avae nguo za mikono mirefu kuanzia magharibi, kwani mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Mchana aepuke nguo nyeusi na za buluu, ambazo huvutia mbung'o. Kabla ya safari mkuu wa msafara aulize kituo cha afya kuhusu dawa za kinga. Baada ya kurejea, homa yoyote, ikiwa baada ya wiki moja au baada ya mwezi, ipelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na mgonjwa amueleze daktari alikolala. Mzazi asimpe mtoto vidonge vya maumivu akangoja. Na mwalimu aweke orodha ya wote waliosafiri, ili mmoja akiugua wenziwe nao wapimwe.

Hakuna katika maneno haya kinachokusudiwa kuwazuia vijana wasiende. Mtoto aliyemuona twiga akinywa maji alfajiri atakuwa na la kuwasimulia wajukuu wake. Linalotakiwa ni kwamba kila kambi iwe na utaratibu wa dago: maji yajulikane, zamu zijulikane, na idadi ya watu wanaorudi iwe sawa na ya walioondoka, wote wakiwa wazima.